Baba mdogo ametupa hadi mwisho wa mwezi tutoke nyumbani: kweli kuna avoka (wakili) wa bure?

Mama mshauri, jambo.

Ninakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Mimi ni mtoto wa kwanza, nyuma yangu kuna wadogo wanne, wa mwisho bado yuko shule ya msingi. Baba yetu alikuwa dereva wa gari kubwa, alikuwa anapeleka shaba Kasumbalesa. Mwaka jana aliugua figo, akalazwa muda mrefu, kisha Mungu akamchukua. Mama anauza makala ya kupikia na mboga kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini. Ndiye anayetulisha.

Nyumba tunayokaa, parsele yake, yaani kiwanja, baba aliinunua wakati mimi nikiwa mdogo. Mama alicheza likelemba, mchezo wa kuchangiana feza kwa zamu, na wenzake wa soko, zamu yake ilipofika alinunua mabati. Hilo ninalikumbuka mwenyewe, na majirani wanalijua. Baba na mama walikuwa wamefunga ndoa ya leta, yaani ya serikali, mwaka 2002, kwenye komine (ofisi ya manispaa), baada ya mahari na kanisa.

Matanga yalipokwisha, upande wa baba walitoka Kamina na Likasi wakakaa kikao. Mama hakuitwa ndani, alikuwa jikoni anawapikia bukari. Walipotoka, baba mdogo alikuwa na karatasi inayosema yeye ndiye likidateri, yaani msimamizi wa kugawa mali ya kaka yake. Alitaka mama atie saini, mama akakataa. Alichukua begi la baba lenye barua ya parsele, karatasi ya ndoa na makaratasi ya kazi. Anasema kwao mwanamke anakuja na anaondoka, parsele ni ya ukoo. Sasa amepata mtu wa kuinunua na ametupa hadi mwisho wa mwezi tuwe tumetoka. Nyanya yetu, mama yake baba, bado yuko hai Kamina, lakini yeye hasemi kitu.

Kuna mambo mawili mengine na sitaki kukuficha. La kwanza, baba alikuwa na pikipiki. Baada ya kifo mama aliiuza ili alipe deni la hospitali. Baba mdogo alienda kituo kimoja cha polisi akasema mama ameiba mali ya marehemu. Mama aliitwa, akakaa pale kutwa nzima, jioni wakamwambia atoe feza ndiyo arudi nyumbani. Alitoa feza ya mtaji wake. Juzi imekuja karatasi nyingine ya kumwita. La pili, baba alizaa mtoto mmoja nje, yuko Likasi na mama yake. Baba alimtambua na kumwandikisha. Baba mdogo anasema akitaka atamleta huyo mtoto aonyeshe kwamba sisi si warithi peke yetu.

Rafiki yangu wa kwaya ananiambia kuna mahali wanatoa ushauri wa sheria bila kulipa, na avoka anaweza hata kukutetea. Mama hataki. Anasema kitu cha bure mwisho wake ni ghali, tena yeye Kifaransa chake ni kidogo, watamcheka. Na zaidi anasema kushtaki ukoo wa mume ni kuleta laana juu ya watoto. Mimi nimechoka kulia. Je, kweli kuna avoka wa bure? Tukienda, tutakuwa tumemshtaki baba mdogo? Na huo mwisho wa mwezi ukifika, tutoke?

Mtoto wa Katuba

*

Binti yangu, pole kwa msiba, na pole kwa mama yako ambaye hata kulia mumewe hajaachiwa nafasi.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Hapana, msitoke. Tarehe aliyoiweka baba mdogo ni tarehe yake yeye. Mtu anatolewa ndani ya nyumba kwa hukumu ya mahakama, na hukumu hiyo inaletwa na mtumishi wa mahakama, yule wanayemwita huissier, akiwa na karatasi mkononi. Haitolewi na kikao cha ukoo, wala na shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, wala na polisi wawili waliokuja na mnunuzi. Katiba ya Kongo yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 29, inasema makazi ya mtu hayaingiliwi hovyo. Mkitoka wenyewe kwa woga, kurudi kutakuwa kazi ndefu. Mkibaki, mwenye kulazimika kwenda mahakamani ni yeye.

Sasa hilo la avoka wa bure. Ndiyo, yupo, na si hisani ya mtu. Sheria inayopanga kazi ya mawakili nchini, ya tarehe 28 Septemba 1979, inalipatia baraza la chama cha mawakili jukumu la kuwasaidia watu wasio na kipato cha kutosha, kwa kuweka ofisi ya kushauri na kutetea. Ofisi hiyo mlangoni imeandikwa Bureau de Consultations Gratuites, na watu wengi wanaiita kwa kifupi BCG. Chama cha mawakili cha Haut-Katanga kiko hapa hapa Lubumbashi. Mkifika kwenye majengo ya mahakama mjini na kuuliza BCG ya barreau, yaani ya chama hicho cha mawakili, iko wapi, mtaonyeshwa. Mbali na hiyo, kuna vituo vya sheria vya mashirika kwenye makomine, na kanisa katoliki lina tume zake za Haki na Amani kwenye majimbo na parokia. Huenda rafiki yako wa kwaya alikuwa anazungumzia ofisi ya namna hiyo. Kama parokia iko karibu, anzeni pale, kwa sababu mama hatatumia feza ya basi na atakuta watu anaowafahamu. Kazi yao kubwa ni kusikiliza, kueleza haki, kuandika barua na kupatanisha. Jambo likihitaji kusimama mbele ya jaji, watawapeleka kwa wakili.

Mama yako anaogopa kwamba cha bure mwisho wake ni ghali. Simlaumu, mtu ameshatoa mtaji wake kituoni bila risiti. Basi nikueleze kinacholipwa na kisicholipwa, ili mtu asiwadanganye. Kukaa na kueleza shida yenu, kupewa ushauri, kuandikiwa barua ya kumwita baba mdogo kwenye mazungumzo, hayo hayalipwi. Kufungua kesi mahakamani ni jambo lingine: mahakama ina gharama zake, na kawaida inataka amana kabla ya kuandika kesi. Hapo ndipo mnahitaji karatasi ya umaskini, attestation d'indigence, inayotolewa na idara ya mambo ya kijamii kwenye komine. Kwa karatasi hiyo, mkuu wa mahakama anaweza kuamua kwamba mama asilipishwe amana. Wakili wa BCG atawaambia waiombe wapi na kwa maneno gani, msikimbilie kuitafuta kabla ya kumwona. Na mtu yeyote akiwaambia ofisini kwamba ushauri ni bure ila kwanza mtoe ya usafiri, ya karatasi, ya kumwona mkubwa, ulizeni risiti na jina lake kamili. Feza ya leta ina risiti siku zote.

Tena jihadharini na wale wanaosimama nje ya mahakama na mikoba, wakikuona na uso wa huzuni wanakuja mbio, "mama, mimi avoka, nipe kesi yako." Wakili wa kweli ameandikwa kwenye orodha ya chama chake na hatakasirika ukiuliza. Kwenye BCG mnaweza kupokelewa na kijana, kwa sababu wengi wanaofanya zamu pale ni mawakili walio kwenye mafunzo, ambayo huchukua miaka miwili. Mama asivunjike moyo akiona sura ya kitoto. Huyo kijana ana mkubwa juu yake anayefuatilia, na mara nyingi ana muda wa kusikiliza kuliko wale wenye majina.

Kuhusu Kifaransa: makaratasi ya mahakama yataandikwa kwa Kifaransa, ni kweli, lakini wakili wa Lubumbashi asiyejua Kiswahili atamhudumia nani? Mama azungumze lugha yake, taratibu, tangu mwanzo. Wewe nenda naye, lakini mwache aseme mwenyewe. Ndoa ni yake na nyumba ni yake, na wakili anahitaji kusikia kutoka kinywani mwake. Wewe kazi yako iwe kukumbuka tarehe.

Kabla hamjaenda, kaeni nyumbani jioni moja mwandike kwenye daftari mambo kama yalivyofuatana: mwaka wa ndoa, mwaka parsele iliponunuliwa na kutoka kwa nani, mwaka wa kuezeka, siku ya kifo, siku ya kikao, nani walikuwepo, siku begi lilipochukuliwa, siku ya kituo cha polisi na kiasi kilichotolewa. Majina ya majirani walioona. Likelemba ile, nani alikuwa anaishika? Kama mama huyo bado yuko soko la Kenya, jina lake liandikwe. Mtu mwenye uchungu anaeleza mambo kwa kurukaruka, na zamu ya BCG ina watu wengi wanaosubiri. Daftari hilo litawaokolea nusu ya muda.

Mnadhani begi likiondoka, haki nayo imeondoka. Hapana. Ndoa ya leta iliandikwa kwenye kitabu cha komine, na kitabu kiko palepale tangu 2002. Nendeni kwa afisa wa hali ya kiraia wa komine walikofungia ndoa, mama aombe nakala ya acte de mariage. Vyeti vyenu vya kuzaliwa hali kadhalika, na cheti cha kifo cha baba kama hakijachukuliwa. Parsele nayo, kama ina certificat d'enregistrement, ile hati rasmi ya umiliki, nakala yake iko kwenye ofisi ya conservateur wa hati za ardhi. Kama baba alikuwa na karatasi ya kartie na komine tu, fiche parcellaire na karatasi ya kununulia, ulizeni nakala kule zilikosainiwa, na mtafuteni aliyewauzia au watoto wake. Baba mdogo ameshika karatasi, na karatasi hiyo ina jina la marehemu, si lake.

Sasa tufike kwenye urithi wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi wanaambiwa uongo na wanaukubali kwa sababu umesemwa na mwanaume mwenye sauti.

Sheria ya familia ya Kongo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa mwaka 2016. Kwanza kabisa, kabla hata ya neno urithi, kuna mali ya mke. Wanandoa wasipochagua utaratibu mwingine siku ya ndoa, sheria inawaweka kwenye ule unaofanya vitu walivyovipata wakiwa ndani ya ndoa kuwa vyao wote wawili. Mume akifa, vitu hivyo vinagawanywa nusu kwa nusu. Kwa hiyo kama parsele ilinunuliwa baada ya 2002, nusu ya nyumba ni ya mama yako, hata kama karatasi ina jina la baba peke yake. Nusu hiyo haigawanywi na mtu. Haiingii kwenye kikao.

Nusu iliyobaki ndiyo urithi. Katika hiyo, watoto ndio warithi wa daraja la kwanza, wanachukua robo tatu, wanagawana sawasawa, msichana na mvulana bila tofauti. Robo iliyobaki inakwenda kwa daraja la pili, ambalo lina makundi matatu: mke au mume aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake wa kuzaliwa. Kwenu makundi yote matatu yapo, kwa sababu nyanya yuko hai. Kila kundi linapata 1/12 ya urithi.

Piga hesabu hiyo mbele ya mama yako. Urithi ni nusu ya nyumba. Kundi la ndugu wa baba linapata 1/12 ya nusu, yaani 1/24 ya nyumba yote, na baba mdogo atagawana hiyo na kaka zake na dada zake wengine. Nyanya 1/24. Mama yako, nusu yake ya kwanza pamoja na 1/24 ya ujane, anafika 13/24. Watoto mnapata 9/24 kwa pamoja. Sitakudanganya kwamba baba mdogo hana chochote, sheria inamtambua. Lakini mtu mwenye kipande cha 1/24 anachogawana na wenzake hawezi kuuza nyumba nzima peke yake na kuwapa wenye 22/24 hadi mwisho wa mwezi.

Juu ya hayo yote, sheria hiyo hiyo inampa mjane haki ya kuendelea kukaa na kutumia nyumba waliyokuwa wanaishi na mumewe, pamoja na vyombo vilivyomo. Haki hiyo ina masharti yake, hasa mjane akiolewa tena, na wakili atayaeleza vizuri kwa hali yenu. Kwa leo mama ajue tu kwamba kuomba kubaki chini ya paa alilolinunua si kuomba zawadi.

Kuhusu neno likidateri. Ipo kazi hiyo kweli, ya kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu na kugawa. Pasipo wosia, sheria inamtaja mkubwa wa warithi, na huyo akijitoa, yule watakayemchagua warithi. Warithi, si ukoo. Kikao ambacho mjane alikuwa jikoni na watoto hawakuulizwa ni kikao cha nani basi? Na hata likidateri halali hajapewa mali iwe yake. Anatakiwa kutoa hesabu kwa warithi wote. Mama alifanya vizuri sana kukataa kutia saini. Aendelee kukataa, hata kwa karatasi inayoitwa ya amani, mpaka wakili aisome.

Sasa yale mawili uliyoniambia bila kuficha. Nimekuheshimu kwa hilo, na ninakuomba mfanye hivyo hivyo mbele ya wakili.

Mtoto wa Likasi ni ndugu yenu. Kama baba alimtambua na kumwandikisha alivyokuwa hai, yeye ni mrithi wa daraja la kwanza sawa na wewe, wala hana kidogo kuliko nyinyi. Robo tatu ile mtaigawa watoto sita. Kila mmoja anapata 1/16 ya nyumba, na kipande hicho cha mtoto mmoja ni kikubwa kuliko cha ukoo mzima wa ndugu wa baba. Ninajua linamuuma mama, tena kwa haki. Lakini mkimficha, baba mdogo atamtumia kama silaha, na jaji atajiuliza mmeficha nini kingine. Mkimtaja wenyewe tangu siku ya kwanza, baba mdogo hana tena la kutishia. Zaidi ya hapo, mama wa mtoto huyo naye hataki parsele iuzwe kwa bei ya haraka na feza zipotelee kwa baba mdogo. Ningekuwa mahali pako ningempigia simu mimi mwenyewe kabla baba mdogo hajampigia.

Pikipiki ndiyo sehemu yenu dhaifu, nisikufiche. Mama aliuza kitu cha marehemu kabla ya mgawanyo. Ila aliuza ili kulipa deni la ugonjwa wa marehemu huyo huyo, na madeni ya marehemu hulipwa kutoka kwenye mali yake kabla ya kugawana. Kinachohitajika ni ushahidi. Rudini hospitali, muombe fakitire na risiti za malipo, mtafute aliyenunua pikipiki aandike bei aliyolipa na tarehe. Kama kuna feza iliyobaki na ikatumika kwa chakula, semeni hivyo hivyo, msitengeneze hesabu nzuri kuliko ukweli.

Polisi sasa. Karatasi ya kuitwa isipuuzwe, mtu asipoenda wanasema anakimbia. Lakini mama asiende peke yake tena. Hii ndiyo sababu ninataka muende BCG kabla ya siku iliyoandikwa kwenye karatasi hiyo, hata kama makaratasi mengine hayajakamilika. Wakili anaweza kwenda naye, au kumwandikia ofisa wa polisi kwamba ugomvi huu ni wa urithi, na ugomvi wa urithi unaamuliwa na mahakama ya amani, tribunal de paix, wala hauamuliwi kwenye benchi la kituo. Mama ajue pia maneno haya ya kifungu cha 18 cha Katiba: anayekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, ana haki ya kuwajulisha familia yake na mtetezi wake, na hawezi kuwekwa na polisi zaidi ya saa 48, baada ya hapo aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya mahakama. Lugha anayoielewa mama yako ni Kiswahili, basi wamwambie kwa Kiswahili. Feza aliyotoa mara ya kwanza, mwambieni wakili kiasi na siku, yeye ndiye atakayeona kama lifuatiliwe sasa au baadaye. Mimi ningetanguliza nyumba.

Nimebakiza hofu kubwa ya mama yako, ile ya laana. Nimeiheshimu, kwa sababu mtu aliyezika mume hawezi kuchezea maneno hayo. Lakini umuulize kwa upole: kwenda kuuliza sheria inasema nini, kumemshtaki nani? Mkikaa na wakili wa BCG na kutoka, hakuna kesi iliyofunguliwa. Hakuna jina la baba mdogo kwenye daftari la mahakama. Kilichobadilika ni kwamba mama anajua. Na wakili ana wajibu wa kutunza siri, hatampigia simu baba mdogo bila mama kukubali. Mara nyingi hatua ya kwanza ni barua fupi ya kumwalika aje waongee, na wako baba wadogo wengi ambao wakiona barua yenye muhuri wa barreau na hesabu ya 1/24 wanapata usikivu ambao hawakuwa nao matangani. Kuna ukoo nyingi zimepatana mezani hivyo, bila jaji. Ikishindikana, kwenda mahakama ya amani utakuwa uamuzi mwingine, na mama atauchukua akiwa na mtu wa kumwongoza.

Kuhusu laana yenyewe niseme ninachokiamini. Mila za kwetu zilimweka ndugu wa marehemu awe baba wa watoto wa kaka yake, awalishe na kuwasomesha. Kama baba mdogo anataka mila, aanze na karo ya huyo mdogo wenu wa shule ya msingi. Nyanya wa Kamina hasemi kitu kwa sababu pengine hakuna aliyemuuliza. Mama yako ampelekee salamu kwa mtu anayeaminika, amweleze kwamba nyumba ya mwanawe inauzwa na wajukuu wanatolewa nje. Neno la bibi mmoja mzee linaweza kumsimamisha mwanawe haraka kuliko barua yangu hii.

Mambo ya kufanya wiki hii ni machache. BCG au tume ya parokia, kabla ya siku ya polisi. Komine kwa nakala ya ndoa. Halafu mumwombe wakili aandike barua ya pingamizi kwa conservateur ili parsele isibadilishwe jina, na nakala mwapelekee shefu wa avenue na shefu wa kartie, wapige muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Wanunuzi wengi wa parsele hapa mjini wanaanzia kwa shefu wa kartie kuuliza kama kuna ugomvi. Wakisikia upo, wanarudi na feza zao.

Na mnunuzi huyo akija nyumbani kabla hamjamaliza, msigombane naye na msimfungulie ndani. Mwambieni mlangoni, mbele ya jirani, kwamba mwenye nyumba amefariki, mjane na watoto wako ndani, hakuna aliyetia saini ya kuuza, na jambo liko kwa wakili. Muulizeni jina lake, mliandike kwenye daftari pamoja na siku na saa. Akija na baba mdogo na watu wa kubeba vyombo, piga simu kwa shefu wa avenue na kwa wakili saa hiyo hiyo. Kwa hiyo namba ya wakili iombeni siku ya kwanza, iwe kwenye simu yako, ya mama, na ya jirani mmoja.